Mkeka wa sumaku-umeme: upime kwa dira kabla ya kuulalia

Wagonjwa wangu wa fiziotherapia siku hizi wanakuja na mikeka hii ya umeme, inayotoa mapigo ya sumaku, kwapani. Mmoja kaletewa na mwanawe kutoka Dubai, mwingine kauziwa na jirani aliyeahidiwa kamisheni. Wote huuliza: niulalieje? Twende taratibu.

1. Jikague wewe kwanza. Mwenye pesimeka, yaani kile kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, asiuguse. Vivyo hivyo mwenye pampu ya insulini au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Mjamzito na mwenye kifafa wauache pia. Kama una chuma mwilini, muulize daktari aliyekufanyia upasuaji, si aliyekuuzia mkeka.

2. Soma maandishi ya adapta. Ikiandikwa 100–240V, chomeka. Ikiandikwa 110V au 120V peke yake, usiithubutu kwenye soketi zetu za 230V. Utanusa moshi kabla hujalala. Umeme ukikatika, chomoa, kwani mara nyingi hurudi kwa kishindo. Kuhusu uniti za LUKU usijali, isipokuwa mkeka wako una joto pia.

3. Pima kwa dira. Hapa ndipo pesa yako ilipo. Ndani ya mkeka wa kweli kuna koili, nyaya za shaba zilizozungushwa duara. Umeme ukipita humo kwa vipindi, uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku, unatokea na kupotea, unatokea na kupotea.

Tafuta dira ya sindano, hata ile ndogo ya wanafunzi. Tandaza mkeka mbali na kitanda cha chuma, ukiwa umezimwa, uweke dira juu yake. Sindano ielekee kaskazini na kutulia. Sasa washa kwa kasi ya chini kabisa, hezi 1 hadi 5, yaani pigo 1 hadi 5 kwa sekunde, kama kidhibiti kinaruhusu, kisha sogeza dira polepole kutoka kichwani hadi miguuni.

Ikifika juu ya koili, sindano itacheza kwa kufuata mapigo. Weka alama ya chaki hapo. Ukipandisha kasi itaonekana imetulia. Isikutie wasiwasi, ni nzito tu na haiwahi kufuata.

Ikiwa sindano imepinda hata mkeka ukiwa umezimwa, ndani zimeshonwa sumaku za kawaida, kama ya mlango wa friji. Ikiwa haijibu lolote na mkeka unapata moto, una blanketi la joto. Joto linasaidia mgongo uliokaza, silidharau, ila bei uliyolipa si ya blanketi. Ikitikisika kwa mbali sana, uga ni dhaifu kuliko ule wa dunia yenyewe, ambao ni maikrotesla (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) 25 hadi 65 kulingana na mahali.

Kisha inua dira kiganja kimoja juu ya alama ya chaki. Mchezo wa sindano unapungua ghafla, sivyo? Ndiyo maana mkeka unatandikwa juu ya godoro, chini ya shuka, wala si chini ya godoro.

4. Lala. Vua saa, toa kadi za benki mfukoni. Anza na dakika 10 kwa nguvu ndogo, jioni, alama za chaki zikiwa chini ya mgongo na mapaja. Baada ya siku chache fika dakika 20. Kichwa kikiuma au moyo ukienda mbio, zima.

Simu iache chumba kingine. Niungame jambo: niliwahi kumlaza mama mmoja nikasahau kubonyeza swichi. Aliamka baada ya nusu saa, akajinyoosha, akausifu mkeka kweli kweli. Tangu hapo sibishani na anayesema umemtuliza, lakini najua utulivu mwingi unatoka kwenye kule kulala bila kusumbuliwa.

5. Usimeze maneno ya muuzaji. Atakwambia Marekani wameidhinisha. Ni kweli, mwaka 1979 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu vifaa vya uga wa sumaku kwa mifupa iliyogoma kuunga, na mwaka 2008 ikaruhusu mashine ya kusisimua ubongo kwa sumaku, kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa haikuwasaidia. Mashine hiyo hutoa takriban tesla 1.5, yaani maikrotesla milioni moja na nusu, kwa kufumba na kufumbua, mikononi mwa mtaalamu. Kuuza mkeka kwa vyeti hivyo ni kuuza bajaji kwa sifa za lori. Dawa zako za presha na sukari endelea nazo kama ulivyoandikiwa.

6. Ukimaliza, chomoa, futa jasho kwa kitambaa kikavu, uviringishe kama jamvi. Usiukunje: nyaya za koili hukatikia kwenye mkunjo. Ukihisi umekatika, rudi na dira kwenye alama zako za chaki.