Kuugeuza ukumbi wa chuo kutoka kikapu hadi wavu

Kikapu kikimalizika saa kumi jioni, wavu wanaingia saa kumi na moja. Saa hiyo moja inawatosha vijana watatu, mradi mjue kipi kinatangulia.

Anzeni na sakafu. Piteni na dekio pana lililo kavu, mkisukuma vumbi upande mmoja. Maji msimwage kabisa! Mbao hunywa maji, zikavimba, na zikishavimba mpira haudundi sawasawa. Jasho lipangusweni kwa taulo pale pale lilipodondokea.

Mistari isiwachanganye. Ya kikapu ni myeusi, mita 28 kwa 15. Fuateni ya njano, 18 kwa 9, kisha sogezeni mabenchi mpaka pabaki mita 3 wazi kila upande.

Sasa nguzo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka juzi kijana mmoja alitumbukiza mguu kwenye shimo la nguzo lililoachwa wazi, kifundo kikateguka. Nilimshika begani hadi zahanati, analia njia nzima. Tangu siku ile, kifuniko hakitoki mpaka nguzo iwe mikononi mwenu, tayari kuingia. Nguzo ikitoka, kifuniko kinarudi papo hapo, hata kama mnaitwa.

Kimo cha wavu ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Pimeni katikati kwanza. Nina fimbo ya mninga yenye alama hizo mbili, iko nyuma ya mlango wa stoo. Kisha pimeni juu ya mistari ya pembeni: pande zote mbili zilingane, wala zisizidi katikati kwa zaidi ya sentimita 2. Kazeni hendeli ya nguzo, ile inayovuta kamba ya wavu, kidogo kidogo. Baada ya dakika kumi rudieni kupima, maana kamba hulegea.

Magoli ya kikapu yakunjeni juu, na asining'inie mtu. Ringi iko mita 3.05 tangu James Naismith alipotundika vikapu vya matunda kwenye ukingo wa roshani, Springfield, Marekani, mwaka 1891. Mchezo ule ulizaliwa ukumbini kama huu wetu, nami naupenda kwa hilo.

Mwisho fungeni antena, zile fimbo mbili zinazosimama kwenye wavu juu ya mistari ya pembeni. Na wanawake wakiwa ndio wa kwanza, shusheni wavu kabla hawajaanza kupasha misuli. Nimeona mara nyingi wakiachiwa wa wanaume wafanyie mazoezi, eti utashushwa mechi ikianza. Si haki.