Bustani ya matete: kusafisha maji ya karo nyumbani kwako, Bagamoyo

Huku kwetu pwani, sehemu nyingi ukichimba mita chache unakutana na maji. Visima vinatusaidia sana, lakini maji hayo hayo ya karibu ndiyo yanayolifanya shimo la kufyonzea maji ya choo ardhini kuwa hatari. Kinachovuja humo hakina safari ndefu kufika kwenye ndoo ya jirani. Kwa hiyo ninapojenga siyapeleki maji ya karo, yaani tangi linalopokea maji machafu ya nyumba, kwenye shimo. Nayapeleka kwenye bustani ya matete, yaani beseni la kokoto lililozibwa chini na kupandwa matete, na maji yanayotoka yananywesha migomba.

Mfano wetu ni nyumba ya watu 8. Kila mtu akitumia lita 80, hiyo ni lita 640 kwa siku.

1. Chagua mahali. Kaa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, hata cha jirani. Chimba wakati wa kiangazi. Maji ya ardhini yakianza kuingia shimoni, inua kuta za bustani juu ya ardhi, ilimradi bomba la kutoka karo libaki juu zaidi.

2. Jenga karo. Lita 3,000, vyumba viwili, cha kwanza mara mbili ya cha pili. Bomba la kuingia na la kutoka yafungwe tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ambayo mguu wake umezama, ili mafuta yabaki juu na tope libaki chini. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta.

3. Jenga bustani. Mita 2 za mraba kwa kila mtu, yaani urefu mita 8 na upana mita 2. Sakafu ishuke sentimita 1 kila mita kuelekea kwenye kutokea. Ziba kwa tofali na lipu nzuri ya saruji, au nailoni nzito juu ya mchanga laini. Ijaze maji safi uyaache siku mbili. Yakipungua kuliko jua linavyoweza kuyanywa, rudia kuziba. Usione aibu kurudia.

4. Kokoto. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kazi yangu ya kwanza nilitumia mawe ya matumbawe kwa sababu yalikuwa karibu na rahisi. Yakamomonyoka, vumbi lake likaziba njia, maji machafu yakatokea juu. Tangu hapo nanunua kokoto ngumu za Lugoba, milimita 10 hadi 20, na kuziosha hadi maji yatoke meupe. Weka kina cha sentimita 60. Miisho miwili, pale maji yanapoingia na yanapotoka, weka mawe makubwa ya ukubwa wa ngumi.

5. Kimo cha maji. Bomba la kutokea lianzie chini kabisa, liingie kwenye chemba ndogo na kuishia na kona (kiungo cha bomba kilichopinda) inayozungushika. Ukiinua kona maji yanapanda, ukiilaza yanashuka. Yaache sentimita 10 chini ya uso wa kokoto: mbu hawapati pa kutagia na harufu haitoki. Kwa vipimo hivi maji yanakaa humo kama siku 5, na vijidudu vilivyoshika kwenye kokoto na mizizi vinakula uchafu.

6. Panda matete. Vipande vyenye mizizi, vinne kila mita ya mraba. Yanywe maji safi kwa wiki kadhaa ndipo ufungulie ya karo.

7. Kuyatumia maji. Migomba, mipapai, minazi. Mwagia ardhini kwenye shina, kamwe si kwenye mchicha au mboga za kachumbari, kwani maji haya bado yanaweza kubeba vijidudu na mayai ya minyoo. Vaa viatu na glovu.

8. Matunzo. Ita gari la kunyonya kila miaka 2 au 3, kabla tope halijafika kwenye bustani. Asiingie mtu ndani ya karo hata likiwa tupu. Hewa yake inaua. Matete yakikomaa yakate na uyatoe, majani yasiozee juu ya kokoto. Yakikauka ni uzio mzuri wa kuzuia mbuzi wasile machipukizi mapya.