Namna ya Kuandaa Mchezo Unaomfundisha Mtoto Mdogo

Wazazi wengi wenye watoto katika darasa la awali hukagua daftari kila jioni, na wakilikuta halina maandishi huhitimisha kwamba shule haifundishi, watoto wanacheza tu. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa ada imelipwa na mtoto wa jirani anasemekana ameshaandika hadi ishirini. Hata hivyo, vidole vya mtoto wa miaka minne bado havijapata nguvu ya kushika penseli kwa muda mrefu, na maana ya namba humwingia kwa kushika vitu, kuvipanga, kuvigawa na kuvirudisha, muda mrefu kabla ya kumwingia kwa alama zilizoandikwa ubaoni. Maelezo yafuatayo yanawahusu wazazi, walezi na walimu wa watoto wa kati ya miaka 2 na 6 wanaotaka kuupa mchezo nafasi inayoustahili, bila kuuacha ujiendeshe ovyo na bila kuugeuza kuwa somo lililovishwa nguo nyingine.

Muda na mahali

Watoto wanaocheza baba na mama hutumia dakika nyingi za mwanzo wakibishana nani atakuwa mama, nani mgonjwa, na kwa nini mdogo wao hawezi kuwa daktari kila siku. Mabishano hayo ni sehemu ya mchezo, tena pengine ndiyo sehemu yenye mafunzo makubwa kuliko zote, kwa sababu ndani yake mtoto hujifunza kutoa hoja, kusubiri zamu na kukubali kushindwa bila kupigana. Anayewapa robo saa huwakatiza pale wanapoanza kuelewana. Tenga muda wa karibu saa moja usiokatizwa kwa kutumwa dukani wala kuitwa kuoga. Katika mwongozo wake wa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto wa miaka 3 au 4 apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikiwemo 60 za kukimbia na kuruka kwa nguvu, na muda wa kukaa tuli mbele ya televisheni au simu usizidi saa 1. Familia inayoishi katika chumba kimoja mjini inaweza kusogeza meza na kutandika mkeka. Kinachohitajika ni eneo ambalo mtoto anajua kwamba hatagombezwa akilichafua.

Vifaa

Vifaa vingi bora havinunuliwi. Vizibo vya soda, makopo, vifuu vya nazi, magunzi ya mahindi, maboksi, kanga kuukuu na ndala zilizokatika humpa mtoto kazi kubwa zaidi ya gari la betri, kwani gari hilo linajua kwenda mbele na nyuma tu, ilhali boksi la sabuni asubuhi ni basi na jioni ni kitanda cha hospitali. Shule za awali za Madrasa, zilizoanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na baadaye kuenea Zanzibar na Uganda, zimeandaa walimu kutengeneza zana zao kwa vitu vya namna hiyo vinavyopatikana karibu. Weka vichache katika kikapu, kisha ubadilishe kila baada ya wiki moja au mbili. Ukimwaga vyote kwa pamoja, mtoto hushika kila kitu bila kukaa na chochote.

Kuhusu usalama sina nafasi ya kulegeza neno. Mtoto aliye chini ya miaka 3 asiachiwe kitu chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni, iwe gololi, kizibo, kokwa au kijiwe. Betri ndogo za duara ziwekwe mbali kabisa na watoto wa umri wowote, kwa kuwa ikimezwa huweza kuunguza koo kwa muda mfupi sana. Ndoo yenye maji, hata machache, isiachwe na mtoto mdogo bila mtu mzima kuwepo.

Michezo mitatu ya kuanzia

Duka ndilo mchezo ninaoupendekeza kwanza, kwa sababu kila mtoto ameshatumwa dukani au ameshaenda akiwa ameshikwa mkono. Panga makopo matupu, pakiti za chumvi na majani ya chai, na mchanga uliofungwa katika karatasi kuwa sukari. Vizibo vitumike kuwa fedha. Mwanzoni kila kitu kiuzwe kwa kizibo kimoja, ili mtoto aone kwamba kila kizibo kinalingana na bidhaa moja. Akishazoea, chumvi iwe vizibo viwili na sukari vitano, na ndipo suala la chenji litakapozuka lenyewe. Mwenye miaka mitano anaweza kutengeneza vibandiko vya bei kwa kuchora vidoti, na baada ya siku kadhaa atakuuliza namba tano huandikwaje. Swali hilo likitoka kwake, mfundishe papo hapo, kwa maana sasa ana sababu ya kutaka kujua.

Wa pili ni mdako, mchezo ambao naona unasahauliwa isivyostahili. Huchimbwa shimo dogo, vikawekwa ndani yake vijiwe, tuseme kumi na viwili. Mchezaji hurusha kijiwe kingine juu, na kabla hajakidaka huvichota vile vya shimoni vitoke nje. Akirusha tena, huvirudisha vyote na kubakiza kimoja. Huendelea hivyo hadi avimalize, kisha huingia raundi ya kubakiza viwiliviwili, halafu vitatuvitatu. Kurusha na kudaka kwa wakati mmoja ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka minne, kwa hiyo mrahisishie: mwenzake apige makofi matatu, naye achote na kurudisha kabla makofi hayajaisha. Katika raundi ya tano atashtuka kuona kwamba akishatoa vitano mara mbili, vimebaki viwili visivyotimia. Usikimbilie kumweleza. Muulize tu, "Hivi viwili tuvifanyeje?" na ukubali uamuzi wake. Hapo amekutana na kugawanya na baki, akiwa na vijiwe mkononi, miaka kadhaa kabla ya kukutana nalo darasani.

Wa tatu ni nyama nyama nyama. Kiongozi hutaja wanyama kwa haraka, na wenzake huitikia na kuruka anapotajwa mnyama anayeliwa, lakini hunyamaza na kutulia anapotajwa asiyeliwa. Kuuzuia mwili uliokwisha kujiandaa kuruka ni zoezi la kujitawala, na uwezo huohuo ndio utakaomwezesha mtoto kusikiliza swali hadi mwisho kabla ya kujibu. Wape watoto wenyewe uongozi kwa zamu. Anayeongoza hulazimika kukumbuka majina mengi, na msamiati wake hukua.

Kazi ya mtu mzima

Tazama kwanza kwa dakika chache bila kusema neno. Ukiingia, ingia kwa njia ya mchezo wenyewe. Watoto wanaocheza hospitali hawahitaji mtu wa kuwauliza kila mara "hii ni rangi gani?" au "hesabu nione," kwa kuwa maswali ya namna hiyo huvunja mchezo na kuugeuza mtihani. Afadhali uje na mdoli mgongoni useme, "Daktari, mwanangu anaharisha tangu jana, nifanye nini?" Mtoto atalazimika kutafuta maneno ya kupima, kushauri na kuandika dawa, na wewe unaweza kumpa neno analolikosa huku ukibaki mzazi wa mgonjwa wake. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba katika mchezo mtoto hutenda kwa kiwango kilicho juu ya umri wake wa kawaida, jambo hilo huonekana wazi mtoto asiyeweza kutulia mezani anapokaa kimya muda mrefu akiwa "mgonjwa." Mchezo ukishachangamka, ondoka.

Mwalimu mwenye watoto sabini au themanini atasema kwamba hayo hayawezekani, na ugumu wake ni wa kweli. Njia inayosaidia ni kugawa darasa katika kona za kujifunzia, kama vile duka, nyumbani, ujenzi na vitabu, makundi yakipokezana kwa siku, huku mwalimu akikaa na kundi moja kila mara badala ya kuzungukia yote. Waalike wazazi wakae dakika ishirini katika kona ya duka na waeleze wenyewe mtoto amehesabu nini. Mzazi aliyeona hivyo hupunguza kulidai daftari.

Mtoto asiyecheza

Watoto hutofautiana, na wapo wapole wanaopenda kutazama kwanza. Lakini mtoto aliyefikisha miaka 2 na nusu bila kuigiza chochote, hata kumlisha mdoli au kuongea na simu ya kujifanya, au asiyegeuka anapoitwa jina, au aliyepoteza maneno na michezo aliyokuwa nayo, apelekwe kliniki ya mama na mtoto mapema, bila kusubiri kwamba ataanza akikua. Kabla ya kwenda, andika kwa siku chache anachezea nini, kwa namna gani, na huchukua hatua gani mtoto mwingine anapomsogelea. Beba maelezo hayo pamoja na kadi yake ya kliniki, na umwombe mhudumu ampime pia usikivu.