Somo: Kuogelea kwenye maji ya asili, kutoka Mbeya mjini hadi Matema

Ndugu zangu, mvua zimekatika, baridi ya Juni na Julai imeachia, na wikiendi zimeanza kuwa na vikundi vinavyojazana kwenye Noah kuelekea Tukuyu na Kyela kutafuta maji. Nafurahi sana kuona hivyo. Huku kwetu tuna mito ya milimani, maporomoko, maziwa ya kreta, yaani mashimo ya volkano yaliyojaa maji, na Ziwa Nyasa lenyewe, vyote unavifikia ukitokea Mbeya. Lakini maji hayo hayafanani, na anayeyaendea yote kwa moyo mmoja anajitafutia msiba. Somo hili ni la mtu anayetaka kwenda na familia na kurudi nayo nzima.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha saa

Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ndiyo maana unaondoka Uyole na koti, ukifika Kyela unatafuta kivuli. Kipindi ninachokipenda ni Septemba na Oktoba. Mito imepungua na imetakata, na upepo wa kusi unaochafua ziwa kuanzia Mei hadi Agosti umetulia. Nenda asubuhi. Mchana upepo huamka, na mawimbi ya Nyasa yakianza si ya mchezo hata kwa wavuvi.

Hatua ya 2: Jua pa kuogelea na pa kutazama tu

Ziwa Ngozi ni la kutazama. Panda msituni hadi ukingoni, piga picha, shuka. Kuta za kreta ni mwinuko mkali, na ukiumia kule chini kukutoa ni kazi ya kutwa. Daraja la Mungu na Kijungu pale Kiwira navyo ni vya kutazama kabisa. Kijungu ni shimo ambalo mto umelichonga kwenye mwamba. Maji yanaingia kwa nguvu na kupita chini ya jiwe. Kinachoingia mle hakina pa kushika. Usimruhusu kijana yeyote akaribie ukingo eti anapiga selfi.

Kaporogwe, upande wa Tukuyu, maji yanaanguka kama mita 25 na nyuma yake kuna pango unaloweza kuingia. Chini yake unaweza kujimwagia maji pembeni, lakini usisimame panapoangukia maji: yanakuja na mawe na vipande vya miti. Vaa viatu vya mpira vyenye meno, maana ule ukijani juu ya mwamba unateleza kuliko sabuni.

Ziwa Kisiba pale Masoko ni zuri mno, duara lililozungukwa na miti, maji yametulia. Utulivu huo ndio unaodanganya watu. Ni kreta, hakuna ufukwe mrefu unaoshuka taratibu: unapiga hatua chache na ardhi inaisha. Ni mahali pa anayejua kuogelea na aliyevaa jaketi la kuokolea, si pa mtoto anayejifunza.

Kwa familia, jibu langu ni Matema. Ukitoka stendi ya Nanenane unapanda gari la Kyela, kisha unatafuta usafiri wa kupitia Ipinda hadi ziwani. Ufukwe ni mrefu, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Pale kwenye mawe, maji yakitulia, unawaona samaki wadogo wa bluu na njano wakilamba miamba bila hata kuvaa miwani. Mkae hapo hata saa nzima na watoto, hawatachoka. Mkimaliza, kuna vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nunueni, ni kazi ya mikono ya akina mama wa pale.

Hatua ya 3: Soma maji kabla ya kuvua nguo

Hapa nawaomba msiwe na haraka.

Anza na wenyeji. Msalimie mzee au mama anayefua, muulize watoto wa pale huogelea wapi, na kama mamba au kiboko ameonekana karibuni. Akikuambia "pale hapana", basi hapana, hata kama maji yanang'aa.

Kisha angalia mto unaingilia wapi. Mito kama Lufilyo na Mbaka inamwaga ziwani, na mlangoni mwa mto ndiko mamba anakopenda kukaa, maana kuna matete, tope na samaki. Kaa mbali kabisa na hapo, na usiingie majini jioni wala usiku.

Kwenye mto, tupa jani kavu majini na utembee sambamba nalo ukingoni. Likikushinda mwendo, mkondo huo utamshinda na mtoto wako. Chukua fimbo ndefu upime kina hatua kwa hatua. Na usirukie kichwa kwanza mahali ambapo hujapapasa chini kwa miguu yako mwenyewe.

La mwisho ni mvua ya mbali. Wewe uko Kiwira kwenye jua, huku juu mlima Rungwe kumefunga wingu. Maji yakianza kuwa ya kahawia, majani na vijiti vikiongezeka, au mlio wa mto ukibadilika, toeni watoto kwanza, vyombo baadaye.

Hatua ya 4: Beba dumu na kamba

Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri, likafungwa kamba ndefu, linaokoa mtu. Anayezama humkumbatia yeyote anayemfikia na kumvuta chini, kwa hiyo usimrukie. Mtupie dumu, alishike, mvute. Akitoka hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Hayo yanapoteza muda. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni na mkandamize kifua kwa nguvu na kwa kasi, huku mwingine akitafuta gari la hospitali.

Pia teua mtu mzima mmoja wa kukaa ukingoni bila simu wala kinywaji. Mbadilishane zamu. Watoto huzama kimya. Usisubiri kusikia kelele.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Ilomba): Mwalimu, nasikia Ziwa Nyasa lina kichocho. Nikishaoga nimeze dawa siku hiyohiyo niwe salama?

Jibu: Kichocho kipo, dada yangu, na ni vizuri umeuliza. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kisha hupenya ngozi, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Ogelea kwenye mchanga mtupu au mawe yanayopigwa na mawimbi, mbali na matete na mahali watu wanapofulia. Dawa, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa. Ukiimeza siku hiyohiyo minyoo bado ni michanga na inaponea. Subiri wiki sita hadi nane, ukapime mkojo na choo, utibiwe. Ukiona damu kwenye mkojo, usisubiri chochote.

Swali (Njombe): Sisi tuna maporomoko ya Luhuji karibu na mji. Naweza kujitumbukiza moja kwa moja nikitoka kutembea na jasho?

Jibu: Hapana, kaka. Maji ya Njombe yana baridi inayokata pumzi. Mwili uliopata moto ukitumbukia ghafla unavuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Pumzika jasho likauke, jimwagie mikononi, usoni na kifuani, kisha ingia taratibu. Ukianza kutetemeka, toka.

Swali (Tukuyu): Kuna vibonde huku kwetu wazee wanatukataza kupita, wanasema ndege hufia humo. Ni imani tu?

Jibu: Wasikilizeni wazee. Rungwe ni nchi ya volkano, na ardhini hutoka gesi ya kaboni dioksidi. Ipo hadi ya kuvunwa kiwandani. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni palipo na utulivu, hasa alfajiri kabla ya upepo. Haina rangi wala harufu. Usiingie, na usipige hema kwenye shimo karibu na chemchemi inayotoa mapovu.

Swali (Iringa): Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka saba na anaogopa maji. Nianzie wapi naye?

Jibu: Marahaba. Mpeleke Matema asubuhi mapema, ziwa likiwa limelala. Kaeni wote wawili kwenye mchanga, maji yafike kiunoni mwake akiwa ameketi, acheze na changarawe mpaka asahau hofu. Kisha mfundishe kupuliza mapovu huku uso umegusa maji, halafu kuelea chali kichwa chake kikiwa kwenye kiganja chako. Usimwachie ghafla kumjaribu. Siku ya kwanza hiyo inatosha.