Mustang ya 1966: Anza na Breki, Farasi Watafuata

Karibu kila anayenipigia simu kuhusu Mustang ya zamani, lile gari la Ford, huanza na injini. Ameona kabureta kubwa, amesikia habari za kamshafti (ule mhimili unaofungua vali za injini), anataka kujua atapata nguvu za farasi ngapi. Mimi humuuliza: gari lako linasimamaje? Hapo ndipo simu inapokuwa kimya.

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Nilinunua Mustang ya 1966 ya milango miwili yenye V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, nikatoka nayo kwenye barabara za mashamba huku Ohio. Kwenye njia panda ya pili nilikanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni. Nikashusha gia, nikavuta ule mpini wa breki ya mkono ulio chini ya dashibodi, nikaishia ndani ya shamba la mahindi, mzima. Nilipovua gurudumu la nyuma kushoto nilikuta mpira wa silinda ya gurudumu umepasuka na mafuta ya breki yamechuruzika mpaka ndani ya tairi. Kimpira kimoja, upana wa kidole gumba. Lakini breki zote nne zilikufa kwa mkupuo, maana Mustang za 1965 na 1966 zilitoka kiwandani na masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki) yenye chumba kimoja. Kukiwa na uvujaji popote, presha yote imekwenda. Ford walianza kuweka ya vyumba viwili mwaka 1967.

Kwa hiyo somo hili lina mpangilio wangu, na sitaubadilisha: bodi, breki, miguu ya mbele (yaani sasipensheni), matairi, umeme, kisha ndipo injini.

Hatua ya 1: Ndoo ya maji

Kabla hujanunua kifaa chochote, na ikiwezekana kabla hujanunua gari lenyewe, chukua ndoo ya maji. Chini ya kioo cha mbele, nyuma ya boneti, kuna matundu ya kuingizia hewa. Mimina maji polepole humo, halafu ingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi. Maji yakidondoka kwenye zulia la miguu, kisanduku cha hewa kimeoza. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa Mustang hizi, na kuutibu ni kutoboa alama nyingi za welda ya kiwandani, kufungua chuma, kuchomelea upya na kuziba. Muuzaji mwenye rangi mpya inayong'aa atakuambia gari halina kutu. Ndoo haidanganyi.

Ukimaliza, kagua sakafu, chuma chini ya betri na mihimili ya chasisi. Mustang haina fremu ya kujitegemea kama pikapu. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kuongeza nguvu kwenye bodi iliyooza ni kulipinda gari.

Hatua ya 2: Breki

Nunua seti kamili ya diski za mbele kutoka kwa mtengenezaji mmoja, usiokoteze vipande. Seti nzuri ina diski, kalipa (vibanio vya diski), masta silinda ya vyumba viwili, mabomba na vali ya kugawa presha. Hiyo vali ndiyo watu huiacha ili kuokoa pesa, na ndiyo hasa usiyopaswa kuiacha. Ukifunga breki kwa nguvu, uzito wote hukimbilia mbele na nyuma kunakuwa kwepesi. Bila vali, dramu za nyuma hushika kabla ya diski za mbele, na mkia wa gari hutaka kupita mbele. Kwenye mvua hutaweza kulirudisha.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi huliruka. Toa upepo kwenye masta silinda ikiwa mezani, imebanwa kwenye vaisi, kabla ya kuifunga kwenye gari. Jaza mafuta mapya, unganisha vibomba viwili vinavyorudi kwenye vyumba, sukuma pistoni polepole na bisibisi butu mpaka mapovu yaishe. Mapovu ya mwisho ni madogo kama punje za ulezi na hujificha kwenye pembe. Gongagonga kwa mpini wa spana yatoke. Ukiifunga ikiwa na upepo, utapampu pedali siku nzima na itabaki laini kama sifongo. Ikishakaa kwenye gari, toa upepo kuanzia gurudumu la mbali zaidi: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto.

Jihadhari na jambo moja: baadhi ya seti haziingii ndani ya rimu za awali za inchi 14. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Miguu ya mbele

Hapa kuna kazi ya bei ya chini kuliko zote na yenye faida kubwa kuliko zote. Mwaka 1965 warsha ya Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya mashindano, kule California ilipogeuza Mustang kuwa toleo la mashindano liitwalo GT350, mojawapo ya mambo waliyofanya ni kushusha mkono wa juu wa sasipensheni kwa inchi 1. Ujuzi huo ulitoka kwa Klaus Arning, mhandisi wa Ford. Mkono ukikaa chini, gari likiegemea kwenye kona tairi la nje hubaki limekanyaga barabara kwa bapa lake badala ya kupanda ukingoni.

Unachohitaji ni kielelezo cha chuma cha kutobolea, drili kali na subira. Pima mara tatu, toboa mara moja. Lakini nakuomba kwa moyo wote: springi ya mbele ya Mustang hukaa juu ya mkono huo, imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Tumia kibanio cha springi kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hili, kinachoingia kwa juu kupitia mnara wa shokapu. Usikodi kile cha kawaida cha kung'ata pembeni, na usisimamishe uso wako mbele yake.

Ukiwa humo, badili boljointi na bushi zote, weka shokapu mpya, na funga chuma cha kuunganisha minara ya shokapu na ukuta wa injini. Chuma hicho cha kipande kimoja Ford walikitengeneza kwa ajili ya Mustang zilizouzwa nje ya Marekani, kwenye barabara mbovu zaidi. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaelewa. Mercury Comet, binamu wa Mustang kwa bodi na injini, zilipelekwa kwenye mashindano ya magari ya East African Safari ya 1964 kwa matumaini makubwa, na barabara zetu zikazifundisha adabu. Ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes.

Mpelekee mtu wa alaimenti (kunyoosha magurudumu) vipimo vyako mwenyewe, kwa sababu vile vya kitabu cha 1966 viliandikwa kwa matairi ya zamani yasiyo ya radiali. Mimi natumia kemba (kuinama kwa gurudumu) hasi nusu digrii hadi 1, kasta (kulala nyuma kwa mhimili wa usukani) chanya digrii 2 hadi 3, na magurudumu kuelekea ndani kwa mbele sehemu ya nane ya inchi.

Hatua ya 4: Rimu na matairi

Rimu za inchi 17 zinaonekana vizuri na zinaacha nafasi ya diski. Mbele upana wa inchi 7 na tairi la 225/45, nyuma upana wa inchi 8 na 245/45. Nyuma huenda ukalazimika kukunja midomo ya matao ya bodi kwa ndani. Ukipenda sura ya enzi zile, American Racing Torq Thrust ni muundo wa miaka ya 1960 na bado unatengenezwa katika vipimo vya kisasa. Kwangu mimi hakuna rimu inayolipendeza gari hili zaidi.

Hatua ya 5: Umeme na kupooza

Altaneta ya awali ilitoa ampea 40 hivi. Ukitaka feni ya umeme, injeksheni ya petroli na taa nzuri, weka ya ampea 100 na ubadilishe waya wake mkuu uwe mnene. Tupa platini (swichi ya zamani ya kuwasha cheche), weka ignisheni ya elektroniki ndani ya distribyuta ileile; ni kazi ya saa moja. Rejeta ya aluminiamu ya safu mbili inatosha.

Hatua ya 6: Injini na gia

Sasa tuje kwa farasi. 289 ya kabureta ya midomo miwili ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 200, lakini zilipimwa injini ikiwa mezani, bila mzigo wa vifaa vyake vyote. Marekani iliacha upimaji huo karibu mwaka 1972. Kwenye magurudumu utapata pungufu sana, usikate tamaa. Vichwa vya silinda vya aluminiamu, kamshafti ya wastani, manifoldi na kabureta ya midomo minne inayopitisha hewa futi za ujazo 600 kwa dakika vinaweza kukusogeza karibu na 300 bila injini kupoteza adabu mjini. Usinunue kamshafti kwa sababu ya mngurumo wake. Kamshafti kali kwenye injini ya barabarani huifanya iwe dhaifu pale pale unapoihitaji, kwenye mizunguko ya chini.

Ila kama una pesa ya jambo moja tu, nunua giaboksi ya T5 ya kasi tano, ile iliyotumika kwenye Mustang za V8 za miaka ya 1980. Uwiano wa gia yake ya tano ni 0.68, yaani injini huzunguka polepole zaidi kwa mwendo uleule. Kwa difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano wa 3.55 na matairi niliyotaja, kwenye maili 70 kwa saa injini ilikuwa ikizunguka karibu mara 3,250 kwa dakika. Sasa ni karibu 2,200. Safari ya Columbus hadi Chicago unaongea na mkeo bila kupiga kelele.

Hatua ya 7: Sura

Hapa sina mengi. Rangi ni roho ya mwenye gari. Nakuomba tu usitoboe bodi kwa ajili ya mapambo, na mikanda ya usalama uihesabu kuwa pambo la kwanza: ya awali inashika kiunoni tu. Zipo seti za mikanda ya pointi tatu. Pia weka ukuta wa chuma kati ya buti na kiti cha nyuma, maana juu ya tanki la petroli ndiyo sakafu ya buti yenyewe. Gari likigongwa nyuma, kati yako na petroli kuna kiti tu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Minneapolis:* Shikamoo fundi. Nimepata ya 1965, injini nzima, lakini sakafu imetoboka naona lami. Bei ni ya chini sana. Nichukue?

Marahaba mdogo wangu. Sakafu si tatizo, vipande vyake vinauzwa na kuchomelea ni kazi inayojulikana. Fanya kipimo cha ndoo, halafu gonga mihimili ya chini kwa bisibisi. Bisibisi ikizama kwenye mihimili na maji yakadondoka ndani, liache. Huko kwenu chumvi ya barabarani wakati wa baridi imekula magari mengi ambayo kwa juu yanapendeza.

*Mwanachama, Houston:* Kaka, injeksheni au kabureta? Huku joto linanitesa, nikizima kwenye kituo cha petroli haliwaki tena.

Hiyo ni petroli inayochemka ndani ya kabureta. Jaribu kwanza kipande cha kuzuia joto chini ya kabureta na uhamishe bomba la petroli mbali na eksozi. Ni dola chache. Kama bado, injeksheni ya aina ya Holley Sniper hukaa mahali pa kabureta na kujipangia mchanganyiko yenyewe. Lakini inataka pampu ya presha, bomba la kurudisha petroli na umeme safi. Wengi wanaoilaumu wamefunga waya wa ethi kwenye chuma chenye rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, ndipo ufunge.

*Mwanachama, Columbus:* Fundi habari. Mimi ni mwanamke mfupi, stelingi ya gari la marehemu baba ni nzito mno kuegesha. Sitaki kuliharibu gari lake.

Pole sana kwa msiba, dada yangu. Anza na vitu visivyokata chochote: upepo wa matairi, grisi kwenye viungo vyote, na mwambie fundi wa alaimenti asiongeze kasta. Ikibaki nzito, ipo stelingi ya mota ya umeme inayojificha chini ya dashibodi. Vile vya zamani vivue, uvifunge kwa nguo yenye mafuta, uviweke kwenye boksi lenye jina la baba. Siku yoyote vinarudi.

*Mwanachama, Nairobi:* Naweza kuleta hiyo ya 1966 hapa?

Kwa kawaida Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 wala lenye stelingi kushoto, kwa hiyo zungumza na wakala wa forodha kabla hujatuma senti. Mustang zenye stelingi kulia kutoka kiwandani zilianza na muundo wa 2015. Iliyo ndani ya miaka 8 ndiyo njia nyepesi, na kanuni ya breki na matairi kwanza inaifaa vilevile.

*Mwanachama, Atlanta:* Eksozi: niunganishe mabomba mawili kwa umbo la H au la X? Nataka ule mngurumo wa zamani.

H. Kwenye V8 hizi kila upande wa injini hutoa moshi kwa mapigo yasiyolingana, na H huyaacha mapigo hayo yasikike, ndiyo ile sauti ya dub-dub-dub. X huyachanganya, sauti inapanda na kulainika. Gari la 1966 halikuzaliwa na katalisti (kifaa cha kusafisha moshi), kwa hiyo hakuna cha kung'oa. Ila angalia kiwango cha kelele cha jimbo lako. Na kabla hujaenda kwa mtu wa eksozi, niandikie masta silinda yako ina vyumba vingapi.