Kulalisha kuku kwa pamoja ili vifaranga wawe rika moja

Nyumba nyingi kila kuku huatamia anapotaka. Huyu ana vifaranga wa wiki moja, yule wa mwezi, mwewe anajichagulia, na chupa ya chanjo inafunguliwa kwa ajili ya vifaranga sita. Hapa kwetu Singida tunawalalisha pamoja, yaani tunawaatamisha wote kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1. Chagua mitetea 3 hadi 5, wenye umbo kubwa na waliowahi kutotoa vizuri, walioanza kutaga kwa kukaribiana. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10.

Hatua ya 2. Okota mayai kila jioni (kazi hii wape watoto, wanaipenda), ila acha moja kiotani kuku asihame. Andika tarehe kwa penseli, yaweke penye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Usiyaoshe, utaondoa utando unaozuia vijidudu. Yaliyopita wiki 2 yaende jikoni.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye ujanja wenyewe. Kuku wa kwanza akianza kuatamia, mwekee mayai ya kumdanganya, viza au yaliyopitwa na wakati, awasubiri wenzake. Mpe chakula na maji karibu, na usimsubirishe zaidi ya wiki 2, atakonda bure.

Hatua ya 4. Wote wakishatulia, ngoja giza liingie. Toa mayai ya uongo, weka mazima 10 hadi 13 kwa kila mmoja. Kiota kiwe kikavu, kimenyunyiziwa majivu, maana utitiri humfanya kuku ayakimbie mayai. Zungushia kila yai alama ya mkaa. Kuku wengine hupenda kuja kutaga humo humo, na yai lisilo na alama litoe.

Hatua ya 5. Siku ya 7, usiku, pima kwa tochi. Lenye mishipa myekundu lirudishe, lililo jeupe tupu ondoa.

Hatua ya 6. Siku ya 21 wanaanguliwa. Usiwabandulie maganda. Wala usihangaike na chakula siku ya kwanza, bado wana kiini tumboni. Usiku huo wape vifaranga wote kuku mmoja au wawili wapole. Waliobaki watenge mahali wasikosikia vifaranga vikilia, wape pumba, mashudu ya alizeti na dagaa. Watarudi kutaga baada ya wiki chache, wakati kuku anayelea angekaa na wanawe miezi 2 au 3.

Hatua ya 7. Chanja kideri (ugonjwa wa Newcastle). Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa kuku mkubwa, na hurudiwa kila miezi 3. Mmoja ashike, mwingine adondoshe, na asimwachie kuku kabla tone halijaenea jichoni. Chupa usiiache juani. Ikibaki dawa, muite jirani alete kuku wake siku hiyo hiyo. Kideri kikiingia kwake, kesho kiko kwako.