Betri isiyoshiba haidumu: jinsi ya kutunza betri ya gari Nairobi

Betri nyingi za gari hapa Nairobi hazifi kwa uzee, hufa kwa njaa. Gari linatoka South B alfajiri taa zikiwaka, linakwama kwenye foleni ya Mombasa Road huku feni ikipuliza kioo kisishike ukungu, redio inalia, simu inachajiwa, halafu linazimwa mjini hadi jioni safari irudiwe vilevile. Injini ikinguruma polepole alteneta (mashine inayoichaji betri) haitoi nguvu yake yote, na kile kidogo inachotoa humezwa na taa na feni kabla ya kuifikia betri.

Watu hulaumu kupiga stata, lakini hesabu haikubali. Stata ya gari dogo hula ampea 150 hadi 200 kwa sekunde 2 au 3. Ampea 200 kwa sekunde 3 ni kama ampea-saa 0.17 tu (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa moja), na betri ya ampea-saa 45 haiwezi kuzimia kwa hilo. Kinachoiua ni kukaa wiki baada ya wiki ikiwa nusu. Kila betri inapotoa umeme, bamba zake hushika salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema, salfeti hiyo huachia bamba na kurudi kwenye asidi. Ikiachwa, hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena, na kipande hicho cha bamba kimekwisha kazi.

Hali ya hewa nayo isisingiziwe. Joto hufupisha sana umri wa betri: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake karibu nusu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na hewa yake ni ya wastani. Betri inayokufa hapa ndani ya mwaka mmoja na nusu imeuawa na kitu kingine, na kitu hicho hupatikana kwa kupima.

Andaa mita ya dijitali ya kupimia umeme, spana namba 10, brashi ya waya, bekingi soda, maji ya betri, mafuta ya mgando, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na chaja. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, tafuta na haidromita, kipimo cha uzito wa asidi.

Hatua ya 1: Pima betri ikiwa imelala

Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari. Betri iliyotoka barabarani hubeba volti za juujuu zinazodanganya. Kama huwezi kungoja usiku kucha, washa taa kubwa kwa dakika 2, zima, subiri dakika 5, ndipo upime. Mita iwe kwenye volti za DC, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi.

12.6 au zaidi: imejaa.
12.4: robo tatu.
12.2: nusu.
12.0: robo.
Chini ya 11.9: haina kitu.

Angalia tofauti ilivyo ndogo. Mtu akiona 12.2 husema "si ni kumi na mbili, iko sawa", kumbe betri iko nusu. Ikikaa hapo kwa muda, fuwele zinaendelea kuota. Na ukisoma 10.5 hata baada ya kuichaji usiku kucha, seli moja kati ya zile sita imekufa, kwa sababu kila seli hutoa takriban volti 2.1. Hiyo haitibiki.

Hatua ya 2: Pima stata, kisha alteneta

Mtu apige stata wewe ukitazama mita. Volti zikibaki juu ya 10, betri ina nguvu. Zikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa, inakaribia mwisho wake. Ndiyo maana gari hugoma asubuhi za Julai: baridi hupunguza nguvu ya betri na kuzidisha uzito wa oili, na udhaifu uliojificha tangu Februari hujitokeza.

Injini ikishawaka, washa taa kubwa na feni, kisha pima tena. Usomaji mzuri ni kati ya 13.8 na 14.5. Ukipata chini ya 13.2, anza na mkanda wa alteneta: ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya urefu wake, ukizama zaidi ya kama sentimita moja, umelegea. Ukipata zaidi ya 14.8, regyuleta (kidhibiti cha volti) imeharibika na inachemsha maji ya betri. Usipime bila kuwasha taa, kwani kwenye magari mengi ya karibuni kompyuta hupunguza chaji makusudi mzigo ukiwa mdogo, nawe utadhani alteneta ni mbovu.

Hatua ya 3: Vichwa, vibano na waya wa eathi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Betri nzuri hutupwa kwa sababu ya ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, au waya wa eathi (unaotoka hasi ya betri) uliooza pale unapofungwa kwenye bodi. Kabla ya kufungua chochote, weka mita kwenye volti, ncha moja iguse kichwa chenyewe cha betri na nyingine iguse kibano kilichokishika. Mtu apige stata. Usomaji ukizidi volti 0.2, umeme unakwama hapo hapo. Fanya hivyo upande wa pili. Kisha weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, stata ikipigwa tena. Ukizidi volti 0.5, waya wa eathi ndio mgonjwa.

Kusafisha:

Zima gari na utoe ufunguo. Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani hujifunga betri ikitolewa na kudai namba ya siri, kwa hiyo hakikisha unayo, au uwe tayari kukaa bila redio.

Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo: cheche, spana kuyeyuka, na kama kuna gesi ya haidrojeni karibu, mlipuko.

Changanya kijiko kimoja kikubwa cha bekingi soda na kikombe cha maji ya uvuguvugu, pakaza kwenye ungaunga, acha povu litulie, suuza, kausha. Vifuniko viwe vimekazwa wakati huo, soda isiingie ndani ikaua asidi. Sugua vichwa na ndani ya vibano kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae.

Funga chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza hadi kibano kisizunguke kwa mkono, usizidishe, maana risasi ni laini. Mafuta ya mgando hupakwa juu baada ya kukaza. Ukiyapaka kabla, umeweka kizuizi mahali umeme unapopita.

Ungaunga ukirudi upesi kwenye kichwa cha chanya, mara nyingi betri inachajiwa kupita kiasi, au pana ufa mdogo kwenye shina la kichwa. Rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Maji, wala si asidi

Kama betri ni ya kufungwa kabisa, ruka hapa.

Fungua vifuniko sita. Maji yafike kwenye mstari wa juu ulioandikwa UPPER, au milimita 10 hadi 15 juu ya bamba kama hakuna mistari. Bamba zikiwa wazi, ongeza maji kidogo ya kuzifunika tu, chaji betri, ndipo ujaze hadi mstarini. Ukijaza kabla ya kuchaji, maji hupanuka na kumwagika yakiwa na asidi, kisha trei ya betri ianze kuoza.

Tumia maji ya betri yaliyotoneshwa. Maji ya mfereji yana klorini na madini. Ya kisima ni mabaya zaidi, kwa kuwa visima vingi vya Nairobi vina maji yaliyojaa chumvichumvi na floraidi. Ya mvua yaliyopita kwenye mabati yana chuma. Vyote hivyo hubaki ndani ya seli milele, kwa sababu kinachopungua huwa ni maji peke yake.

Kosa kubwa kuliko yote, na hufanywa kila siku kando ya barabara, ni kuongeza asidi kwenye betri iliyochoka. Asidi haikupotea, imeingia kwenye bamba kama salfeti, na itarudi betri ikichajiwa. Ukiongeza nyingine, haidromita itapanda na gari litawaka siku mbili tatu, mteja ashukuru. Kisha betri ikichajiwa, asidi ya zamani inarudi, mchanganyiko unakuwa mkali kupita kiasi na kuanza kula bamba za chanya. Asidi huongezwa pale tu ilipomwagika, kwa mfano betri ilipopinduka.

Baada ya kuchaji, pima kila seli kwa haidromita. 1.265 hadi 1.280 ni chaji kamili, 1.225 ni robo tatu, 1.190 ni nusu. Namba ndogo kwa seli zote sita ni njaa tu, endelea kuchaji. Seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, hiyo ni mbovu.

Hatua ya 5: Msake mwizi wa umeme

Gari likilala vizuri na kuamka limekufa, kuna kitu kinachokula usiku. Mita iwekwe kwenye ampea 10, waya mwekundu ukihamia tundu la 10A. Fungua hasi ya betri, unganisha mita kati ya kichwa cha hasi na kibano chake. Milango ifungwe, usiguse ufunguo wala kuwasha injini, la sivyo fiuzi ya mita itaungua. Subiri dakika 20 hadi 30 kompyuta za gari zilale.

Miliampea 50 au chini ni kawaida. Miliampea 200 ni ampea-saa 4.8 kwa siku, yaani betri ya 45 hufika nusu kabla ya siku ya tano kuisha. Chomoa fiuzi moja moja. Ile itakayoshusha namba ndiyo ya saketi yenye mwizi. Namba isiposhuka kabisa, shuku kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia sanduku la fiuzi: treka, alamu, amplifaya ya muziki, kamera ya dashibodi. Usisahau taa ya buti, ambayo swichi yake ikikwama hutaiona.

Hatua ya 6: Ilishe hadi ishibe

Angalau mara moja kwa mwezi, au kila mara mita inaposoma chini ya 12.4, tumia chaja. Kiwango ni sehemu ya kumi ya ampea-saa: betri ya 45 ichajiwe kwa ampea 4.5. Iliyofika nusu itahitaji saa 8 hadi 10. Chaja ya haraka ya ampea 20 huchemsha maji na kupinda bamba. Safari ya kwenda Thika na kurudi husaidia, ila sehemu ya mwisho ya chaji huingia polepole mno kwa saa kadhaa, na hiyo ndiyo magari ya foleni hukosa daima.

Kwa wanaoishi ghorofani bila soketi ya maegesho: toa betri, ichajie kwenye balkoni, usiichajie chumbani wala jikoni. Inapochajiwa hutoa haidrojeni. Unganisha vibano kwanza, ndipo uwashe chaja, na ukimaliza zima chaja kwanza. Stima zikipotea usiku, kagua, kwani baadhi ya chaja hazianzi tena zenyewe.

Wenye magari ya haibridi kama Aqua na Prius: mara nyingi betri ndogo ya volti 12 iko nyuma (chini ya kiti kwenye Aqua, pembeni mwa buti kwenye Prius) na hupata chaji gari likiwa READY (tayari kuendeshwa) tu. Kusikiliza redio gari likiwa ACC (vifaa vikiwaka tu) huimaliza. Betri hiyo ina mrija wa kutoa gesi nje; ukiibadilisha, mrija urudishwe.

Hatua ya 7: Kaza betri isitikisike

Matuta na mashimo huangusha unga wa bamba hadi chini ya seli, ambako hujikusanya na kuleta shoti. Shika betri uitikise: ikisogea, kaza kishikio chake, usifunge kwa mpira wa tyubu. Na lile koti la plastiki au kitambaa linaloizunguka hukinga joto la injini, lisitupwe.

Ukilazimika kujampia (kuwasha gari kwa betri ya gari lingine)

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Gari zima lingurume dakika 5 hadi 10 kabla ya kupiga stata. Likishawaka, siku hiyo hiyo betri iende kwenye chaja. Iliyoisha chaji kabisa ikikaa hivyo wiki nzima, haitarudia nguvu zake.

Ukifika wakati wa kununua

Linganisha ukubwa, ampea-saa na upande wa vichwa na ile iliyotoka. Gari lenye mfumo wa kujizima lenyewe kwenye foleni huhitaji betri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya kawaida itakufa upesi. Uliza tarehe ya kutengenezwa, ikataliwe iliyokaa dukani zaidi ya miezi 6 bila kuchajiwa, na upime mwenyewe kabla ya kulipa: chini ya 12.5, ichajiwe kwanza. Kuukuu warudishie wauzaji, ambao hukata bei kwa ajili ya risasi yake. Isipasuliwe nyumbani, kwani risasi hiyo ni sumu kwa watoto. Kisha, kabla ya kuondoka dukani, washa injini na upime alteneta tena, kwa sababu betri mpya kwenye alteneta inayotoa volti 15 itachemka kama iliyotangulia.